Nani Hulipa Kodi ya Jana?



Kwa zaidi ya miaka 30 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na kila mwaka nililiandika ubaoni neno dhima. "Eleza dhima ya fasihi katika jamii." "Jadili dhima ya methali." Mwanafunzi alijua mara moja kwamba anaulizwa kazi ya kitu, au umuhimu wake. Neno hilo lina maana nyingine ambayo mitihani yetu haiigusi, nayo iko karibu zaidi na asili yake ya Kiarabu: wajibu ulio shingoni mwa mtu, usioondoka mpaka utimizwe. Wanasheria husema dhima ya kodi, yaani kile ambacho mtu au kampuni inapaswa kuilipa Serikali kwa amri ya sheria. Nataka kuandika juu ya dhima hiyo ya pili, na juu ya ahadi ambayo watu hupeana pindi wanapouziana kampuni: "Ikitokea kodi ya zamani, hasara yake nitaibeba mimi."

Najua mashairi hayaandikwi juu ya mambo kama haya. Lakini ahadi hiyo imejengwa kwa maneno matupu, na neno moja likikaa vibaya mtu hupoteza shamba. Kazi ya kupima maneno ni yetu sisi tunaosoma kurasa za namna hii.

Masoko ipo wilayani Rungwe, si mbali na mji wa Tukuyu. Mgeni huijua kwa ziwa lake la kreta, na kwa jengo la enzi ya Wajerumani lililo ukingoni mwa ziwa hilo, ambalo wakati wa Waingereza lilitumika kama mahakama. Sisi wenyeji tunaijua kwa migomba, chai, kahawa, na siku hizi maparachichi. Miaka kadhaa iliyopita wakulima 11 wa huku walisajili kampuni ndogo ya kukusanya na kufungasha maparachichi. Ilikwenda kwa kuchechemea, kisha ikasimama. Mwaka jana akajitokeza mnunuzi kutoka Dar es Salaam, akataka hisa zote.

Mtoto wa kaka yangu ni mmoja wa wakurugenzi. Aliniletea rasimu ya mkataba, kurasa 38 za Kiingereza.

"Shangazi," aliniambia, "wanne kati yetu hawasomi Kiingereza kabisa, na sisi wengine tunakisoma bila kuelewa lugha ya mawakili. Tutakutana Jumamosi. Naomba utusomee kwa Kiswahili."

Kurasa nyingi hazikunisumbua. Bei, tarehe, orodha ya vifaa, majina ya mashahidi. Hayo yana maneno yake ya siku zote. Kilichonikalisha usiku kucha kilikuwa kifungu kimoja kisichozidi nusu ukurasa, ambacho nilikitafsiri hivi: "Wauzaji, kwa pamoja na kila mmoja peke yake, watamfidia mnunuzi pamoja na kampuni kwa kodi yoyote inayohusu kipindi cha kabla ya siku ya makabidhiano, pamoja na riba, adhabu na gharama zote zitokanazo na kodi hiyo."

Kila neno hapo ni la Kiswahili. Hata hivyo, nilipolisoma mbele ya wanahisa, hakuna aliyeelewa kwamba ameombwa kuweka rehani jasho lake lote.

Mzee mmoja aliuliza kuhusu watamfidia. "Mwalimu, fidia si ile tunayolipwa barabara inapopita shambani? Huyu bwana ananunua, tunamfidia kwa lipi? Tumemharibia nini?"

Swali hilo lilikuwa la mtu anayeijua lugha yake. Katika vinywa vya watu, fidia huja baada ya dhara au baada ya kunyang'anywa kitu. Aliyekanyaga mahindi ya jirani hulipa fidia. Serikali ikitwaa ardhi hulipa fidia. Hata maana ya kale ya kukomboa mateka kwa malipo imebeba ndani yake mtu aliyekwisha kupata shida. Lakini ahadi iliyo katika mkataba ule haisubiri mtu afanye kosa. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kwa kila alilosema, vitabu vya hesabu vikawa safi kwa kadiri ya ujuzi wake, na bado akalazimika kulipa, kwa sababu tu hasara ya aina iliyotajwa imetokea.

Nikajaribu dhamana. Nyuso zikabadilika, kwa kuwa neno hilo huku kwetu lina harufu ya kituo cha polisi, na pia ya mkopo wa benki. Anayemdhamini mwenzake kwa mkopo anasimama mbele ya mkopeshaji na kusema: huyu asipolipa, nitalipa mimi. Hapo wapo watu watatu, na mkopeshaji anamjua mdhamini kwa sura na kwa sahihi. Ahadi ya mkataba wetu haiko hivyo. Mamlaka ya Mapato haikuitwa kwenye kikao, haikutia sahihi, wala haina habari kwamba wakulima wa Masoko wameahidi jambo lolote. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inatenganisha mambo hayo mawili. Kifungu cha 76 kinaeleza mkataba ambao mtu anaahidi kumwokoa mwenzake na hasara itakayosababishwa na mwahidi mwenyewe au na mtu mwingine. Dhamana ya deni la mwingine inakuja baadaye, katika kifungu cha 78. Mgawanyo huo ulitoka katika sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ukavuka bahari pamoja na utawala wa Waingereza.

Nikajaribu kinga. Neno ni zuri, fupi, na baadhi ya watafsiri hulitumia. Lakini sote tumeimbishwa tangu utotoni kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Aliyekingwa hapatwi. Mwenye mwavuli halowi. Mnunuzi wa kampuni, hata akiwa na ahadi nene kiasi gani, atalowa kwanza: kodi itadaiwa kwa kampuni ambayo sasa ni yake, naye ndipo atamgeukia muuzaji amkaushe. Ukimwambia mkulima kwamba anatoa kinga, atadhani anazuia kitu kisije, kumbe anaahidi kulipia kitu kitakapokuja.

Aliyetufungua macho alikuwa mzee yuleyule wa swali la fidia. Alikumbuka kodi ya kichwa, ile ambayo katika miaka ya mwisho iliitwa kodi ya maendeleo, kabla ya kufutwa mwaka 2003. Wasomaji wenye umri wangu wanaikumbuka vyema: mgambo njiani, stakabadhi mfukoni, na mbio za vijana kukatiza mashambani asubuhi.

"Tuseme kaka yangu aliniahidi kwamba kodi ya mwaka huu atanilipia yeye," alisema. "Mgambo wakinikuta sina stakabadhi, nikawaambia kaka ameahidi, wangeniachia? Wangenifunga mimi. Nikitoka, ndipo ningemwendea kaka, nimwambie, nirudishie hela yangu."

Hapo kifungu kizima kilieleweka kwa watu 11. Dhima ya kodi ilikuwa ya mzee, na ahadi ilikuwa ya kaka. Ahadi haikuiondoa dhima shingoni mwa mzee hata kidogo. Ilichompa ni haki ya pili, ya kumdai kaka kile kilichomtoka. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 138, inasema kwamba kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria. Kitu kilichozaliwa na sheria hakifi kwa makubaliano ya watu wawili. Wao wanaweza kupatana tu juu ya nani kati yao ataumia mwishoni.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kueleza kwa nini mnunuzi anaitaka ahadi hiyo. Anayenunua hisa hanunui mizani ya kupimia matunda, kreti na gari peke yake. Ananunua mtu wa kisheria aliye hai, mwenye jina lake, namba yake ya mlipakodi na historia yake. Wenye hisa hubadilika, kampuni ni ileile. Ni kama kununua ng'ombe: ukimtoa zizini kwa jirani unamtoa na ugonjwa wake, na ugonjwa hauulizi mwenye zizi la sasa ni nani. Kama miaka mitatu iliyopita kampuni haikukata kodi ya zuio pale ilipopaswa kukata, au haikupeleka kodi ya mishahara ya wafungashaji, maofisa wakija watakuja kwa kampuni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, kwa hiyo jana ya kampuni ni ndefu.

Tena iko kodi inayozaliwa na mauzo yenyewe. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, kama kilivyobadilishwa mwaka 2012, kinasema kwamba umiliki wa msingi wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50, ikilinganishwa na hali ilivyokuwa ndani ya miaka 3 iliyotangulia, kampuni huhesabiwa kuwa imeuza mali zake kwa bei ya soko. Ikiwa mali hizo zimepanda thamani, faida hiyo hutozwa kodi, na kiwango cha kawaida cha kodi ya kampuni ni asilimia 30. Fedha za mauzo zimeingia mifukoni mwa wauzaji, lakini kodi hiyo imeiangukia kampuni, ambayo sasa ina mwenyewe mwingine. Mnunuzi asipoandika ahadi ya kubebewa hasara hiyo, atalipa bei mara mbili. Si haki kumwita mnyang'anyi kwa kuiomba.

Kisa kinachoonyesha uzito wa ahadi hizi kuliko vyote nivijuavyo kilitokea kwa jirani zetu wa Uganda, na niliwasimulia wanahisa jioni ileile. Kampuni ya Heritage ilikuwa na sehemu katika vitalu viwili vya mafuta kando ya Ziwa Albert, kitalu namba 1 na kitalu namba 3A. Januari 2010 ilikubaliana kuiuzia kampuni ya Tullow sehemu hizo, na mauzo yakakamilika Julai mwaka huohuo kwa dola za Marekani bilioni 1.45. Mamlaka ya Mapato ya Uganda ikasema faida ya mauzo hayo inatozwa kodi nchini mwake. Heritage ikasema haidaiwi kitu.

Makadirio ya kwanza ya kodi yalikuwa dola 404,925,000. Heritage ilipinga, na ili kupinga, asilimia 30 ya fedha hizo ikawekwa kwa mamlaka, yaani dola 121,477,500. Zilizobaki, dola 283,447,500, ziliwekwa amana katika benki moja mjini London zisubiri ugomvi uishe. Yakaja makadirio ya pili ya dola milioni 30. Ndipo mamlaka ikamgeukia mnunuzi, ikamtangaza kuwa wakala wa kumlipia muuzaji, na kumtaka atoe fedha. Tullow ilikuwa na shughuli kubwa nchini Uganda, nayo ilihitaji ridhaa ya Serikali ili iendelee. Aprili 2011 ililipa dola 313,447,500. Jumlisha zile za amana na zile milioni 30 za pili, utaipata hesabu hiyo bila kupungukiwa hata senti.

Kisha Tullow ikaenda Mahakama Kuu ya London kumdai Heritage fedha zote hizo, kwa sababu katika mkataba wa mauzo muuzaji aliahidi kumfidia mnunuzi kwa kodi za namna hiyo. Juni 2013 Tullow ikashinda. Heritage ikakata rufaa, na Julai 2014 rufaa ikatupwa.

Nilipokuwa nikifuatilia habari za shauri hilo, jambo lililonivutia kama mwalimu wa lugha ni kwamba mawakili wale hawakushindana sana juu ya matukio. Walishindana juu ya maneno. Ni kodi ipi inayoingia ndani ya ahadi? Aliyelipa alilazimika kwa sheria, au alilipa kwa hiari yake? Taarifa ya madai ilipaswa kutolewa lini, na kuchelewa kwake kunavunja haki ya kudai au hakuvunji? Dola milioni 313 zilining'inia kwenye maana ya sentensi chache, na zilining'inia hivyo kwa zaidi ya miaka mitatu.

Mzee wa kodi ya kichwa alitikisa kichwa. "Kwa hiyo hata huko mgambo walimkamata waliyemkuta njiani," alisema. Ndivyo. Serikali ya Uganda haikuwa upande katika mkataba wao, wala haikuhitaji kuwa. Ilimfuata aliye karibu na mwenye fedha mkononi. Sheria yetu ya mwaka 2015 nayo inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kumtaka mtu anayeshika fedha za mdaiwa wa kodi azilipe kwake.

Baada ya kueleweka ahadi ni nini, tuliyageukia maneno mengine ya kifungu, na hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe. Kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Ukiyasoma haraka, maneno hayo yanapendeza. Yana mlio wa umoja, kama wimbo wa ushirika. Katika sheria yana meno. Maana yake ni kwamba mnunuzi anaweza kuwadai wote kumi na mmoja, au kumchagua mmoja tu na kumdai chote, kisha huyo mmoja ajue mwenyewe atakavyowatafuta wenzake.

Kati ya wanahisa hao yumo mama mmoja mjane, mwenye hisa 4 katika kila 100. Tukafanya hesabu naye kwa sauti. Tuseme kampuni imeuzwa kwa shilingi milioni 200. Fungu lake ni milioni 8. Tuseme tena baada ya miaka miwili yanakuja makadirio ya kodi ya zamani, na pamoja na riba na adhabu yanafika milioni 60. Kwa kadiri ya hisa zake, mzigo wake ungekuwa milioni 2 na laki 4. Kwa maneno yale ya mkataba, anaweza kudaiwa milioni 60 zote. Wenzake wenye hisa nyingi wanaweza kuwa wamehamia Mbeya au Dar es Salaam, fedha wamezitumia. Yeye shamba lake halihami, linaonekana kutoka barabarani.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na nikifa, Mwalimu?"

Sheria ya Mikataba inajibu kwamba ahadi humfunga mwahidi na pia wasimamizi wa mirathi yake, isipokuwa mkataba wenyewe umeonyesha nia nyingine. Nilimwambia hivyo bila kupunguza neno. Mama yule hakuwa amewahi kutia sahihi kwenye kitu chochote zaidi ya fomu ya mkutano wa wazazi, na sasa karatasi ilikuwa inaomba kuwafuata wanawe.

Wapo waliotaka kifungu kifutwe chote. Mtoto wa kaka yangu akapinga, na hoja yake ilikuwa na uzito. "Shangazi, tukikataa kabisa, atauliza tunaficha nini. Ataondoka, na hakuna mnunuzi mwingine aliyepiga hodi." Ni kweli. Muuzaji anayeijua jana ya kampuni ni yeye, si mnunuzi. Ni haki anayeijua jana abebe hatari yake. Lililobaki ni kuujua ukubwa wa mzigo kabla ya kuupokea begani.

Kwa hiyo tuliandika kwa Kiswahili maombi matano, ili wakili wa Mbeya ayatie katika lugha ya mkataba. La kwanza, kila muuzaji abebe hasara kwa kadiri ya hisa zake tu. La pili, asilipe kamwe zaidi ya fedha alizopokea. La tatu, ahadi iwe na mwisho wake kwa tarehe, isidumu milele. La nne, mnunuzi akipata barua yoyote ya madai ya kodi awape wauzaji taarifa ndani ya siku zilizotajwa, nao wawe na haki ya kuyapinga makadirio kabla hayajalipwa. La tano, sehemu ya bei iwekwe amana kwa mtu wa tatu kwa muda fulani. Kodi ikitokea ilipwe humo, isipotokea wauzaji wagawiwe.

Neno amana halikuhitaji tafsiri wala mfano. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba amana hailiwi. Lugha yetu ina utajiri wake mahali tusipoutazamia.

Kwa kuwa baadhi ya wanahisa hukumbuka kilichoimbwa kuliko kilichoandikwa, niliwatungia ubeti mmoja. Ni tarbia ya kawaida, mizani nane kwa nane. Nauweka hapa si kwa ufundi wake bali kwa kazi uliyoifanya:

Neno la mkatabani, hufunga watu wawili,
Mdai yu mlangoni, hutaka chake kamili,
Ulipe kwanza nyumbani, umrudie wa pili,
Kikomo kiwe bayani, usije poteza mali.

Mama mjane aliushika kwa kuusikia mara mbili. Katika kikao cha pili, wakili alipokuwa akieleza marekebisho, yeye ndiye aliyemkatiza: "Baba, kikomo kiko wapi?" Wakili akageuza ukurasa na kumwonyesha.

Mnunuzi alikubali maombi matatu: kila mmoja kwa hisa zake, kikomo cha bei iliyopokelewa, na taarifa ya madai. Amana ilikataliwa. Ukomo wa muda uliwekwa, lakini mrefu kuliko tulivyotaka, na bei ikashuka kidogo kulipia unafuu tuliopata. Wanahisa 10 walitia sahihi siku hiyo. Mama mjane aliomba wiki moja, akaenda kuwasomea wanawe nakala ya Kiswahili, kisha akarudi na kutia sahihi yake. Mpaka naandika haya muda wa ahadi haujaisha, na barua ya madai haijaja. Huenda ikaja. Ikija, kila mmoja wao anajua fungu lake ni kiasi gani.

Liko jambo moja lililobaki kunikereketa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika ukurasa wa mwisho wa mkataba kuna sentensi isemayo kwamba iwapo nakala ya Kiswahili itatofautiana na ya Kiingereza, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Nakala ambayo watu 11 waliielewa, wakaijadili na kuikubali ni kivuli. Nguvu iko katika ile ambayo wanne kati yao hawawezi kuisoma. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki katika mahakama zetu. Hatua hiyo ni kubwa. Lakini mikataba ya watu binafsi haikai mahakamani, inakaa mezani kwa wakili, na pale mezani Kiingereza bado kinakalia kiti cha mwenyeji. Sababu moja inayotolewa ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa shughuli hizi, au kwamba maneno yaliyopo yanayumba.

Sikubaliani na sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ina ukweli, na dawa yake iko mikononi mwetu. Tukiliacha neno fidia libebe malipo ya shamba lililopitiwa na barabara, hukumu ya mahakama kwa aliyeumizwa, na pia ahadi ya kubeba hasara isiyotokana na kosa la mtu, msomaji atalazimika kubahatisha. Mimi katika tafsiri ile niliyagawa hivi. Dhima niliitumia kwa kile ambacho sheria imekiweka shingoni mwa mlipakodi, kisichohama kwa makubaliano. Ahadi ya kubeba hasara ndilo jina nililolipa lile neno la mawakili; ni refu, lakini mkulima akilisikia hana haja ya kuuliza. Fidia nikaibakiza kwa fedha zenyewe zinazotolewa ahadi hiyo inapotimizwa. Dhamana nikaiachia mdhamini na mkopeshaji wake, na kinga nikawarudishia waganga.

Wajuzi wa pwani huenda wana neno fupi zaidi. Wafanyabiashara wa Mombasa, Lamu na Unguja waliuziana vyombo na shehena kwa karne nyingi, na siamini kwamba hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake: ushuru wa safari iliyopita ukidaiwa, uko juu yangu. Walilisemaje jambo hilo kwa neno moja? Mwenye kulijua, au mwenye babu aliyelitumia, naomba alilete tulipime pamoja. Huku Rungwe ipo mikataba mingine inayosubiri kutafsiriwa, na msimu wa maparachichi umekaribia.